Kuwafundisha wahandisi wa fani zote usalama wa mitandao: anzia kwenye mtambo

Mwaka wa kwanza nilipopewa somo hili nililiharibu. Nilikabidhiwa ukumbi wa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kila fani: ujenzi, umeme, mekanika, kemikali, na wachache wa maji na umwagiliaji. Nikaazima slaidi za wenzangu wa kompyuta, nikaanza na aina za virusi, nikapita kwenye nywila ndefu, nikaishia kwenye usimbaji fiche, yaani kuficha ujumbe kwa ufunguo. Wiki ya tatu kijana mmoja wa ujenzi akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, hii na zege vinakutana wapi?" Darasa likaangua kicheko. Sikuwa na jibu, na wiki iliyofuata viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyeangukiwa na darasa kama lile. Hauhitaji maabara ya kisasa, wala wanafunzi wanaojua kuandika programu. Unahitaji ndoo mbili, muhula mmoja, na uvumilivu wa kuingia karakana za watu.

Hatua ya 1: Tembea karakana kabla ya kugusa slaidi

Kaa nusu saa na mwalimu wa kila fani. Usimuulize wanatumia kompyuta gani, maana utapelekwa kwenye chumba cha AutoCAD, programu ya kuchorea, na utarudi mikono mitupu. Muulize hivi: kitu gani hapa kikipewa amri ya uongo, au kikitoa namba ya uongo, mtu ataumia?

Mekanika watakuonyesha mashine ya CNC, inayoendeshwa na kompyuta na kupokea faili la kukatia chuma kutoka kwenye flashi iliyopita kompyuta kumi za wanafunzi. Kemikali wana pampu ya kudondoshea klorini. Watu wa maji watakuambia habari za visima ambavyo pampu huwashwa kwa SMS. Hapo uliza swali dogo tu: je, kifaa kinakagua namba iliyotuma, au kinamtii yeyote anayejua maneno ya kuandika? Mara nyingi watatazamana kwanza.

Mwalimu wa ujenzi alinijibu kwamba wao hawana kitu cha namna hiyo. Tukazunguka hadi kwenye mashine ya kuponda kyubu za zege ili kupima nguvu yake. Ilikuwa inapeleka matokeo kwenye kompyuta kuukuu isiyo na nywila, ndani ya faili la Excel ambalo yeyote anayeingia chumbani anaweza kulifungua. Sasa fikiria kyubu ya siku 28 iliyotakiwa kufika 25 N/mm² imepasuka kwenye 19. Mtu akifuta 19 akaandika 26, ghorofa linapanda. Hakuna kirusi kilichoingia, na hakuna mdukuzi aliyevaa kofia nyeusi. Nikampata yule kijana wa zege siku hiyo hiyo.

Andika orodha ya vifaa hivyo, kimoja kwa kila fani. Hiyo ndiyo mitaala yako. Mengine yote yataning'inia hapo.

Hatua ya 2: Somo la kwanza liwe tokeni ya LUKU

LUKU ni umeme wa malipo ya awali wa Tanzania, na tokeni ni ile namba unayonunua na kuingiza kwenye mita. Sijapata kianzio kizuri kuliko hiki, kwa sababu kila mwanafunzi ameshawahi kukatikiwa umeme usiku na kusimama mbele ya mita akibonyeza namba. Walioko Kenya wana mita za aina hiyo hiyo. Andika ubaoni tokeni ya tarakimu 20 uliyokwisha kuitumia, kisha uliza maswali haya kwa mpangilio, ukiwaachia muda wabishane:

Mita haina intaneti. Imejuaje kwamba namba hii imetoka kwa muuzaji halali? Kwa nini tokeni ya jirani haikubali kwako? Na kwa nini ukiingiza yako mara ya pili inakataliwa?

Swali la kwanza na la pili yana jibu moja: uniti zimesimbwa kwa ufunguo ambao mita hiyo inao na ya jirani haina. Umeshafundisha usimbaji fiche bila kuutaja. Swali la tatu ndilo tamu zaidi. Ndani ya tokeni kuna alama ya wakati, yaani hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Mita inakumbuka alama ilizokwisha kupokea, hivyo ujumbe wa zamani ukirudishwa inautambua. Shambulio la kurudia ujumbe halali ni kongwe, na kinga yake iko sebuleni kwa bibi.

Sasa wape kikokotoo. Hesabu hiyo imepewa biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja. Mbili kwa kipeo cha 24 ni 16,777,216. Gawanya kwa dakika za siku, kisha kwa siku za mwaka: miaka 31 na miezi karibu kumi na moja. Ongeza kwenye 1993, utaangukia 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule watumiaji wa mita hizi waliletewa namba tatu badala ya moja, mbili za kwanza zikiwa za kubadilisha ufunguo na kuifuta kumbukumbu ya mita. Mita ambayo haikupewa namba hizo, baada ya tarehe ile ingeziona tokeni mpya kama za zamani na kuzikataa.

Hapo nyamaza kidogo. Mtu wa umeme ataona uamuzi wa biti. Mtu wa ujenzi muulize: nyumba unayochora leo unataka isimame miaka 50, hiki kifaa unachokipachika ukutani kimehesabiwa miaka mingapi? Kipindi kizima cha saa mbili kiishie hapa. Ukikimbilia mada ya pili utaipoteza hii.

Kama dakika zimebaki, waeleze yaliyoipata kampuni ya umeme ya jiji la Johannesburg, City Power, Julai 2019. Programu ya kudai fidia ilifunga hifadhidata zake na wateja wakashindwa kununua umeme wa malipo ya awali. Mita zilikuwa nzima. Duka ndilo lililofungwa.

Hatua ya 3: Geuza mpangilio wa yale maneno matatu

Vitabu vya kompyuta huanza na usiri, kisha usahihi, kisha upatikanaji. Kwa mhandisi, geuza. Pampu iendelee kufanya kazi kwanza, namba iwe ya kweli, halafu ndipo tuulize nani anaruhusiwa kuiona. Na juu ya yote matatu weka la nne ambalo watu wa kompyuta hulisahau: usalama wa mwili wa mtu aliyesimama karibu na mtambo.

Zoezi la usahihi linachukua dakika kumi. Chukua faili la matokeo ya kyubu, liite matokeo.csv, na kwenye kompyuta yoyote ya Windows andika:

certutil -hashfile matokeo.csv SHA256

Itatoka mistari ya herufi na namba, alama ya kidole ya faili. Badilisha tarakimu moja, 19 iwe 29, rudia. Alama yote imegeuka. Kisha uliza swali la mtego: kama mwizi naye anaweza kupiga alama mpya, tumefaidika nini? Usiwape jibu. Kwenye darasa langu aliyelipata alikuwa binti wa mekanika: alama ichapwe kwenye karatasi, isainiwe na fundi wa maabara na mshauri, na ikae kabati tofauti. Muhuri na kabati, vitu ambavyo maofisi yetu yamevizoea tangu zamani, vikarudi na kazi mpya.

Hatua ya 4: Sheria kabla ya kebo

Hili nimelijua kwa aibu. Muhula mmoja nilifundisha jinsi ya kuchunguza milango ya mtandao, nikasahau kuwatenga na mtandao wa chuo. Mmoja akaenda kujaribu jioni. Printa ya ofisi ya uhasibu ikaanza kutema karatasi zenye mstari mmoja mmoja wa herufi zisizosomeka, rimu nzima. Printa nyingi hudhani chochote kinachoingia mlango 9100 ni kazi ya kuchapa. Nilipoitwa, nilikuwa na bahati kwamba ilikuwa printa tu. Kifaa cha viwandani kikipigwa hodi namna hiyo kinaweza kuganda kikiwa kazini.

Kwa hiyo kabla ya vitendo fanya mambo mawili. Soma nao sheria yenyewe, siyo muhtasari: Tanzania ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ni ile ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya 2018. Waone wenyewe kwamba kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa hata kama hukuharibu wala kuiba. Kisha kila mmoja asaini karatasi inayotaja kwa majina vifaa anavyoruhusiwa kuvishambulia, siku na saa. Nje ya karatasi hiyo, hapana. Karatasi hii pia ndiyo watakayoiomba kazini siku moja, kwa hiyo wazoee kuiona.

Hatua ya 5: Jenga tangi, lishambulie, lilinde

Hapa ndipo muhula unapolala. Tenga wiki tano.

Vifaa kwa kikundi cha watu watano: ndoo mbili za lita 20, pampu ndogo ya volti 12, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), sensa ya mwangwi ya kupimia kina cha maji, Arduino moja (kibodi kidogo cha kusomea sensa), Raspberry Pi moja (kompyuta ndogo ya bodi moja), swichi ya boya, na swichi ndogo ya mtandao isiyounganishwa na kitu kingine chochote. Volti 12 ni amri. Maji na volti 230 kwenye meza moja ya wanafunzi ni kuomba msiba. Kama bajeti inatosha tangi moja tu, vikundi vingine viigize maji kwa programu kwenye laptopu, wapokezane. Yaani si lazima kila mtu alowe.

Kwenye Raspberry Pi weka OpenPLC, ambayo ni ya bure na inafanya kazi ya vile vidhibiti vya viwandani ambavyo mafundi huviita PLC. Sensa inasomwa na Arduino na kupelekwa kwenye Pi kwa waya wa USB. Programu ya kwanza ni fupi: maji yakiwa chini ya kiwango lengwa, washa pampu; yakifika, zima. Kiwango lengwa, tuseme asilimia 60, kihifadhiwe kwenye nafasi ya kumbukumbu iitwayo %MW0, ambayo kwa mtu wa mtandaoni inaonekana kama rejista, yaani kisanduku cha namba, ya 1024.

Wakifungua ukurasa wa OpenPLC kwa mara ya kwanza wataulizwa jina na nywila. Zote mbili ni openplc. Usiwaambie wabadilishe. Waache wiki nzima, halafu kikundi cha jirani kiingie na kusimamisha pampu yao. Baada ya kelele kutulia ndipo uwaeleze Mirai, programu hasidi: mwaka 2016 kamera na ruta nyingi duniani zilitekwa kwa kujaribiwa orodha ya nywila za kiwandani zipatazo sitini, basi. Hakuna atakayesahau.

Wiki ya pili ni kusikiliza. Fungua Wireshark, programu ya kutazama ujumbe unaopita mtandaoni, kwenye kompyuta ya opereta, andika modbus (lugha ambayo kompyuta na PLC huongea) kwenye kichujio, na opereta abadilishe kiwango lengwa. Ujumbe mzima ni baiti 12. Huu hapa wa kuweka 120:

00 01 00 00 00 06 01 06 04 00 00 78

Wausome kwa kidole. Mbili za kwanza ni namba ya ujumbe, mbili zinazofuata ni itifaki, kisha urefu, kisha namba ya kifaa. Ile 06 ya pili ni amri: andika rejista. 04 00 ni anwani 1024. 00 78 ni 120. Sasa uliza: jina la mtumaji liko wapi? Nywila iko wapi? Watatafuta. Hakuna, na haikuwahi kuwepo. Modbus ilibuniwa mwaka 1979 kwa waya uliokuwa ndani ya kiwanda, enzi ambazo aliyeshika waya alikuwa ameshapita kwa mlinzi getini. Tuliunganisha waya huo na dunia, mlinzi tukamwacha getini.

Wiki ya tatu ni kushambulia. Wanafunzi wote huanza kwa kuiamuru pampu moja kwa moja, kuandika kwenye koili namba 0, ile sehemu ya kuwasha au kuzima pampu. Pampu inashtuka, au haishtuki kabisa, na hali inarudi kama ilivyokuwa. Watakuita waseme mfumo uko salama. Hapa usiharakishe. PLC hurudia programu yake mara nyingi kwa sekunde, na kila mzunguko inaandika upya kauli yake kuhusu pampu. Amri ya mvamizi imefutwa kabla ya rilei kujali. Waache wakune vichwa mpaka mmoja aseme: tusibishane na pampu, tuidanganye programu. Wakiandika 120 kwenye rejista 1024, maji hayawezi kamwe kufika asilimia 120, kwa hiyo pampu haizimi. Ndoo inafurika sakafuni. Weka matambara karibu.

Wiki ya nne na ya tano ni kulinda, na ndipo fani zinapohitajiana. Kikundi kinatakiwa kuweka kinga tatu zisizotegemeana. Ya kwanza huwa ya watu wa umeme: mstari mmoja kwenye programu unaokataa upuuzi, kwa mfano

lengo := LIMIT(20, lengo_la_opereta, 80);

Ya pili ni ya mtandao: Pi ipokee mlango 502, ule wa Modbus, kutoka kompyuta ya opereta peke yake. Ya tatu ndiyo niipendayo, na mara nyingi huletwa na mekanika: swichi ya boya inayokata waya wa pampu yenyewe, bila kupitia PLC. Maji yakipanda, boya linapanda, umeme unakatika. Huwezi kulidukua boya kutoka mtandaoni. Mwanafunzi akishaona ndoo inakataa kufurika huku skrini ikiwa imetekwa yote, ameelewa jambo ambalo slaidi zangu arobaini za mwaka wa kwanza hazikuligusa.

Ila usimwache aondoke na imani kupita kiasi. Mwaka 2017 kwenye kiwanda cha petrokemikali Saudi Arabia, wavamizi waliingia kwenye vidhibiti vile vile vya kuokoa maisha, vinavyotakiwa kuzima mtambo hatari ikitokea. Vilikuwa kwenye mtandao. Ulizeni darasani: kwa nini boya letu lisingepatwa na hayo?

Hatua ya 6: Kesi moja kwa wiki, dakika ishirini

Usizirundike. Hizi nne zinatosha, na kila moja ipewe fani inayoiongoza.

Maroochy, Australia, mwaka 2000, iongozwe na ujenzi na maji. Mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi aliyefunga mfumo wa majitaka, baada ya kunyimwa ajira na halmashauri, alitumia redio na kompyuta kuziamuru pampu. Lita zipatazo 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye bustani na mito. Swali: mkandarasi wako akimaliza kazi anaondoka na nini?

Ukraine, 23 Desemba 2015, ni ya umeme. Kampuni tatu za usambazaji, wateja wapatao 225,000 gizani, waendeshaji wakiona kishale cha kompyuta kikitembea chenyewe na kukata laini. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari wakaenda vituoni kuwasha kwa mkono. Swali langu hapa ni moja: kwenye mtambo mtakaoubuni, mkono upo?

Stuxnet, kirusi cha kompyuta kilichogunduliwa 2010, ni ya mekanika. Iliharibu mashinepewa (sentrifuji, mashine za kuzungusha kwa kasi kubwa) za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, kwa kubadilisha mwendo wake huku ikiwaonyesha waendeshaji vipimo vya kawaida. Mtu wa mitetemo ataipenda.

Oldsmar, Florida, Februari 2021, ni ya kemikali. Kipimo cha sodiamu haidroksaidi kwenye maji kilipandishwa kutoka sehemu 100 kwa milioni hadi 11,100. Opereta akaona, akakirudisha. Dunia nzima ikaandika "udukuzi". Baadaye ikaingia shaka kama alikuwepo mdukuzi, au ni mfanyakazi aliyekosea. Ninaipenda kwa sababu hiyo hasa. Waambie wabuni kinga ambayo ingefanya kazi kwa vyote viwili, maana mtambo haujui nia ya mtu.

Hatua ya 7: Alama

Ukiuliza "eleza maana ya" utapata vikariri. Mimi hutoa mchoro wa kituo cha pampu cha kubuni, ukurasa mmoja, na kikundi mchanganyiko kinaandika barua ya kurasa mbili kwa meneja asiyejua kompyuta: mambo matatu ya kurekebisha, lipi lianze, na gharama yake kwa makadirio. Kikundi kinacholeta mambo kumi na tano hakipati alama za juu. Meneja hana fedha ya mambo kumi na tano.

Wanaokwenda mafunzo kwa vitendo wape kazi ya ukurasa mmoja wa yale waliyoyaona, bila jina la kampuni, bila anwani za mtandao, bila picha. Karatasi ikitaja udhaifu wa kituo halisi irudishe na ichanwe mbele ya aliyeiandika.

Mtihani ukiisha, mwaga maji, anika ndoo juani, toa sensa kwenye waya kabla haijashika kutu. Kadi za Raspberry Pi zifute na uziandike upya kutoka kwenye nakala safi, nywila ikiwa openplc kama mwanzo, tayari kwa darasa lijalo. Na mwombe fundi wa maabara asimwambie mtu.